Kenya, Liberia au Argentina: walowezi wa kwanza wa Kiyahudi wa Palestina tuwapime kwa kipimo gani?

Mjadala wa kama Uzayuni, yaani harakati ya Wayahudi ya kujijengea taifa Palestina, ulianza kama ukoloni haukawii kufika kwetu. Ukiibuka darasani, kwenye klabu ya mdahalo au kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, hazipiti dakika nyingi kabla mtu hajasema, "Hao ni kama walowezi wa Kenya tu." Mwingine atamjibu, "Walowezi wa Kenya walikuwa na serikali yao nyuma. Hawa walikuwa wakimbizi waliorudi kwao." Kuanzia hapo ni kelele. Wote wawili wanalinganisha, lakini hakuna aliyesema anapima nini.

Makala hii ni ya mtu anayetaka kuchagua mlinganisho wake akijua unampa nini na unamnyima nini: mwalimu wa historia, mwanafunzi anayejiandaa kwa mdahalo, au mtu aliyechoka kubishana bila kusogea. Nitabaki zaidi kwenye miaka ya 1878 hadi 1914, kabla Waingereza hawajaingia Palestina, kwa sababu hapo ndipo swali ni gumu. Baada ya 1917 mizani inabadilika, nami nitasema inabadilika wapi.

Walichokikuta

Mwaka 1880 Palestina ilikuwa sehemu ya Dola ya Uthmaniya. Wakazi wake walikuwa kati ya laki nne na laki tano hivi, wengi wao Waislamu wasemao Kiarabu, pamoja na Wakristo wa Kiarabu na Wayahudi wapatao 25,000. Wayahudi hao waliishi zaidi Yerusalemu, Hebron, Safed na Tiberia, na wengi walitegemea sadaka kutoka jumuiya za Kiyahudi za nje. Walikuwepo kwa ajili ya dini. Kuanzisha mashamba au dola hakukuwa shabaha yao, na anayewachanganya na waliokuja baadaye ameharibu mlinganisho wake kabla hajauanza. (Ingawa mambo hayakukatika kwa kisu: Petah Tikva, makazi ya kwanza ya kilimo, ilianzishwa mwaka 1878 na Wayahudi waliotoka Yerusalemu kwenyewe.)

Mwaka 1881 Tsar Alexander II wa Urusi aliuawa, na mashambulizi dhidi ya Wayahudi yakaenea kusini mwa himaya yake. Mwaka uliofuata zikaja sheria za kuwabana zaidi. Kuanzia hapo hadi 1914, Wayahudi zaidi ya milioni mbili walihama Ulaya Mashariki, na wengi mno kati yao walikwenda Marekani. Waliochagua Palestina walikuwa wachache: wimbi la kwanza, la 1882 hadi 1903, lilikuwa na watu kama 25,000 hadi 30,000, na wengi wao hawakudumu. Ndipo yalipozaliwa makazi ya Rishon LeZion, Zikhron Ya'akov na Rosh Pina, yote mwaka 1882.

Fedha ziliwaishia haraka. Aliyewaokoa ni Baroni Edmond de Rothschild wa Paris, aliyetuma pesa, wataalamu wa kilimo na maofisa wa kusimamia. Mizabibu ikapandwa na viwanda vya mvinyo vikajengwa. Wakulima nao wakawa kama watumishi wa baroni. Mwaka 1887 wale wa Rishon LeZion walimwasi waziwazi ofisa wake. Mwaka 1900 Rothschild alikabidhi usimamizi wa makazi hayo kwa shirika la Jewish Colonisation Association.

Ardhi ilinunuliwa. Hili ni la kushika, maana kila upande hulitumia vibaya. Sheria ya ardhi ya Uthmaniya ya 1858 ilitaka mashamba yaandikishwe. Wakulima wengi waliogopa kwamba kujiandikisha ni kujikabidhi kwa mtoza kodi na kwa jeshi, hivyo ardhi walizolima tangu babu zao ziliandikwa kwa majina ya wakubwa wa mjini. Baadhi ya wakubwa hao, kama ukoo wa Sursuq wa Beirut, walikuwa wafanyabiashara waliokaa mbali kabisa na shamba. Mlowezi alipolipa, alimlipa mwenye hati. Mwenye jembe hakuwa na hati. Kwa desturi ya zamani hilo halikuwa janga: bwana mmoja akiuza, bwana mwingine akinunua, mkulima alibaki palepale na kuendelea kutoa sehemu ya mavuno. Mnunuzi mpya alitaka ardhi ikiwa tupu.

Yitzhak Epstein, mwalimu aliyeishi Rosh Pina, alichapisha mwaka 1907 maelezo yake juu ya jambo hili. Aliandika kwamba kilio cha wanawake wa Kiarabu siku familia zao zilipoondoka kijiji cha Ja'una bado kinalia masikioni mwake. Swali hilo, alisema, ndilo Wazayuni wanalolificha. Miaka 16 kabla yake, Ahad Ha'am, mwandishi wa Kizayuni mwenye heshima kubwa, alirudi kutoka ziara na kuonya kwamba nchi haikuwa tupu kama walivyodhani Ulaya, kwamba ni shida kupata shamba zuri lisilolimwa, na kwamba baadhi ya walowezi waliwatendea Waarabu kwa ukatili. Kwa hiyo atakayekuambia kwamba mjadala huu umebuniwa vyuoni miaka ya karibuni, mpe majina hayo mawili.

Kenya: tunayoijua, na tunayoiharakia

Mlinganisho wa Kenya una bahati moja ambayo mingine haina: historia yenyewe iliugusa. Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alizuru Afrika Mashariki mwishoni mwa 1902. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika Ziwa Viktoria mwaka mmoja kabla, kwa gharama ya zaidi ya pauni milioni tano, na haikuwa na mizigo ya kutosha. Walihitajika walowezi. Aprili 1903 Wayahudi 49 waliuawa Kishinev, mji wa himaya ya Urusi, na Agosti mwaka huohuo Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza ikamwandikia mwakilishi wa Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, kwamba iko tayari kufikiria eneo la Wayahudi lenye kujitawala katika mambo ya ndani. Eneo lililokusudiwa baadaye ni nyanda za Uasin Gishu, kilomita za mraba 13,000 hivi. Wazayuni waliuita "mpango wa Uganda," kwa kuwa nyanda hizo zilikuwa chini ya Uganda hadi 1902, lakini leo ukitaka kukanyaga udongo wake unateremka Eldoret.

Mkutano mkuu wa Wazayuni uliokaa Basel, Uswisi, mwezi huohuo ulipiga kura 295 kwa 178 kutuma tume ikachunguze. Tume ya watu watatu ilifika Mombasa Januari 1905. Ripoti zao hazikukubaliana, na mkutano wa mwaka huo ukalikataa pendekezo. Lord Delamere na walowezi wenzake wa Kiingereza walikuwa wameshalipinga mapema, si kwa sababu ya Wanandi waliochunga huko, bali kwa sababu hawakutaka Wayahudi maskini kuwa majirani zao. Mwaka 1908 wakaja Makaburu kutoka Afrika Kusini wakazichukua nyanda hizo, na wenyeji wakauita mji uliochipuka kwenye shamba namba 64 "Sisibo." Ardhi ilichukuliwa vilevile. Aliyebadilika ni mchukuaji.

Kuna jina moja linalounganisha nchi hizi mbili kuliko hoja yoyote. Oktoba 1905, miezi michache baada ya tume kuondoka, ofisa wa Kiingereza Richard Meinertzhagen alimuua kiongozi wa Wanandi, Koitalel arap Samoei, walipokutana kwa kile kilichoitwa mazungumzo ya amani. Meinertzhagen huyohuyo ndiye aliyekuwa ofisa mkuu wa siasa wa Uingereza Palestina miaka ya 1919 na 1920, na mtetezi wa wazi wa Uzayuni.

Sasa tuweke pande mbili kando kwa kando. Kenya, ardhi ilitwaliwa kwa sheria: amri ya 1902 ilimpa kamishna uwezo wa kugawa "ardhi ya Mfalme," na ile ya 1915 ikaruhusu mikataba ya miaka 999. Wamaasai walihamishwa kwa mkataba wa 1904, wakahamishwa tena kwa ule wa 1911. Palestina kabla ya 1914, hakuna serikali iliyomgawia mlowezi wa Kiyahudi shamba. Kinyume chake, tangu 1882 Istanbul, makao ya serikali ya Uthmaniya, iliweka vikwazo vya kuwazuia Wayahudi wa nje kuhamia huko, ingawa vilipenyeka kwa rushwa na kwa ulinzi wa mabalozi wa nchi za Ulaya. Kufikia 1914 ardhi yote iliyokuwa mikononi mwa Wayahudi ilikuwa dunamu 400,000 hivi (dunamu moja ni kama sehemu ya kumi ya hekta), takriban asilimia mbili ya nchi. Anayesema "ni Kenya tu" kwa miaka hii anaruka shimo kubwa.

Lakini kuna jambo lingine ambalo Kenya inaliangaza vizuri sana, nalo ni kazi. Shamba la mlowezi Kenya halikuwa na maana bila mikono ya Mwafrika. Kodi ya nyumba ililetwa ili kumsukuma mtu aende kibaruani, na kipande kikaja kumzuia asitoroke. Makazi ya Rothschild yalifanana na hayo kwa kiasi: hakukuwa na kodi ya kulazimisha, lakini mizabibu ilipaliliwa na vibarua wa Kiarabu ambao mara nyingi walikuwa wengi kuliko Wayahudi wenye mashamba. Wimbi la pili, lililoanza 1904, likaligeuza hili. Vijana waliotoka Urusi na fikra za kijamaa walisema Myahudi lazima afanye kazi kwa mikono yake, na walidai vibarua wa Kiarabu waondolewe wawekwe wao. Waliita hilo "ushindi wa kazi." Wenye mashamba wengi walikataa, kwa kuwa kibarua wa Kiarabu alilipwa kidogo na alijua kazi. Njia iliyobaki ikawa kuanzisha mashamba ya ushirika kwenye ardhi iliyonunuliwa na Mfuko wa Taifa wa Kiyahudi, ulioundwa 1901 kwa sharti kwamba ardhi yake haiuzwi tena milele. Degania, la kwanza kati ya hayo, lilianza mwaka 1909 na 1910 karibu na Ziwa Galilaya.

Hapa ndipo mlinganisho unapofundisha kitu kisichotarajiwa. Kwa mtu aliyelelewa na simulizi za manamba na kipande, mlowezi asiyemtumikisha mwenyeji anaonekana afadhali. Gershon Shafir, mwanasosholojia aliyechambua miaka hii kwa kina, alionyesha upande wa pili: mlowezi anayemtegemea mwenyeji kwa kazi hawezi kumwondoa, lakini anayetaka ardhi na kazi kwa watu wake peke yao hana mahali pa kumweka mwenyeji. Kenya ilimnyonya Mkikuyu, na kwa sababu ilimhitaji ilimwacha kwenye shamba kama skwota. Mkulima wa al-Fula, kijiji cha Bonde la Yezreeli kilichouzwa na Elias Sursuq mwaka 1910, hakuhitajika hata kama skwota. Shukri al-Asali, mkuu wa wilaya ya Nazareti, alikataa kuikabidhi ardhi hiyo, akaandika magazetini, kisha akaingia bungeni Istanbul na kulisema huko. Mauzo yalipita hata hivyo, na Merhavia ikasimama mwaka 1911.

Ukivuka 1917, Kenya inaanza kufaa kwa lile shimo la kwanza pia. Arthur Balfour, aliyetoa azimio la Novemba 1917 la Uingereza kuunga mkono makao ya kitaifa ya Wayahudi Palestina, ndiye aliyekuwa waziri mkuu barua ya 1903 ilipoandikwa. Na David Lloyd George, waziri mkuu wa 1917, ndiye ambaye ofisi yake ya uwakili iliandaa rasimu ya mkataba wa ile ardhi ya Afrika Mashariki. Kati ya matukio hayo mawili, serikali ya Balfour ilipitisha sheria ya 1905 ya kuwazuia wahamiaji, wengi wao Wayahudi wa Ulaya Mashariki, wasiingie Uingereza yenyewe. Hati ya udhamini ya 1922 iliiagiza serikali ya Kiingereza Palestina kuhimiza Wayahudi kukaa kwa wingi kwenye ardhi, ikiwemo ya serikali. Sasa mlowezi alikuwa na dola.

Liberia: tuliyoisahau

Kama ningelazimika kuchagua mlinganisho mmoja unaotumika kidogo kuliko unavyostahili, ningechagua huu. Wanaotetea Uzayuni wa mwanzo wana hoja tatu nzito ambazo Kenya haiwezi kuzijibu: watu hawa waliteswa walikotoka, hawakuwa na nchi mama iliyowatuma, na walirudi kwenye ardhi ya mababu. Walowezi wa Nyanda za Juu za Kenya hawakuwa na hata moja kati ya hizo. Weusi wa Marekani waliokwenda Liberia walikuwa na zote tatu.

American Colonization Society iliundwa Washington mwishoni mwa 1816, na kati ya waasisi wake walikuwemo wazungu wenye watumwa waliotaka tu Weusi huru waondoke Marekani. (Wapo waliomwunga mkono Myahudi aende mbali kwa nia ileile.) Desemba 1821 wajumbe wake walipata ardhi ya Cape Mesurado kutoka kwa mtawala wa huko, King Peter, kwa bidhaa za thamani isiyofika dola 300 na kwa bastola iliyoonyeshwa wakati wa mazungumzo. Kufikia 1867 Jumuiya ilikuwa imesafirisha watu zaidi ya 13,000. Mwaka 1847 walowezi walitangaza jamhuri, na kaulimbiu yake ikawa kwamba kupenda uhuru ndiko kulikowaleta. Wakpelle na Wagrebo, ambao hawakuletwa na kitu kwa kuwa walikuwa palepale, hawakuhesabiwa kuwa raia hadi 1904. Mwaka 1930 tume ya kimataifa iligundua kwamba maofisa wa Liberia walihusika kuwapeleka wenyeji kufanya kazi kwa shuruti katika kisiwa cha Fernando Po. Rais Charles King akajiuzulu. Chama kimoja cha walowezi, True Whig, kilitawala tangu 1878 hadi mapinduzi ya Aprili 1980.

Liberia inakuonyesha kwamba mtu anaweza kuwa mwathirika wa kweli, mwenye uchungu wa kweli na nasaba ya kweli na bara analoliendea, na bado akafika akamtawala aliyemkuta. Mateso ya safari hayakufuta kilichotendeka Cape Mesurado. Wala hayakuwa uongo. Wabishi wengi hushindwa kuyashika mambo haya mawili kwa mkono mmoja: anayemwonea huruma mkimbizi anadhani lazima amkane mkulima, na anayemtetea mkulima anadhani lazima amwite mkimbizi tapeli.

Yusuf Diya al-Khalidi aliweza. Alikuwa amewahi kuwa meya wa Yerusalemu na mbunge wa Uthmaniya, na Machi 1899 alimwandikia rabi mkuu wa Ufaransa, Zadok Kahn, akijua barua itamfikia Herzl. Alikiri kwamba kihistoria ile ni nchi ya Wayahudi, na wazo lenyewe akaliita la haki. Kisha akaeleza kwamba nchi ina wenyewe sasa, kwamba haiwezi kuchukuliwa bila nguvu, na akamalizia kwa kuomba: kwa jina la Mungu, iacheni Palestina salama. Herzl alijibu mwezi huohuo akiuliza ni nani angefikiria kuwafukuza wakazi wale. Mali yao, alisema, ingeongezeka. Ukisoma barua hizo mbili pamoja utaona kwamba al-Khalidi alizungumzia nani atakuwa na nchi, na Herzl akajibu kuhusu bei ya viwanja.

Kasoro ya mlinganisho huu iko kwenye tofauti mbili. Waliokwenda Liberia hawakurudi walikotoka mababu zao hasa. Bara ni kubwa, na wengi hawakujua asili yao ni pwani ipi. Uhusiano wa Wayahudi na Yerusalemu ulikuwa mahususi, umo kwenye sala zao za kila siku. Pili, walowezi wa Liberia hawakuzidi kamwe kuwa sehemu ndogo sana ya wakazi, hivyo walitawala kwa kuwatumia wenyeji, jambo linaloturudisha Kenya zaidi kuliko Degania.

Argentina: watu walewale, ardhi nyingine

Huu ndio mlinganisho safi kuliko yote kwa sababu unabadilisha kitu kimoja tu. Wahamaji ni walewale, wametoka vijiji vilevile vya Urusi, miaka ileile, kwa hofu ileile. Agosti 1889 meli iliyoitwa Weser ilifikisha Buenos Aires Wayahudi zaidi ya 800. Ardhi waliyoahidiwa hawakuipata, wakakaa kwenye vibanda vya stesheni ya Palacios, na watoto zaidi ya 60 walikufa hapo kwa maradhi. Kutoka kwenye masaibu hayo ilitokea Moisés Ville, katika jimbo la Santa Fe. Baroni Maurice de Hirsch aliposikia habari zao aliunda Jewish Colonisation Association mwaka 1891, shirika lilelile ambalo miaka tisa baadaye lingepokea makazi ya Rothschild. Argentina lilikuja kumiliki hekta 600,000 hivi, mara nyingi zaidi ya ardhi ya Wayahudi Palestina wakati ule. Wakulima wa huko nao waligombana na maofisa wa baroni, hadi unajiuliza kama kuna baroni aliyewahi kupendwa na wakulima wake.

Walowezi wa Moisés Ville walikuwa wakoloni? Walitumia neno hilo wenyewe, na serikali ya Argentina iliwaita hivyo. Lakini hawakudai nchi. Walijifunza Kihispania, wakaingia katika taifa lililokuwepo, na watoto wao wakavaa suruali za wachunga ng'ombe. Hapo unaona kwamba kununua shamba, kulima na kujenga sinagogi si hoja inayotosha kwa upande wowote. Kinachotofautisha Rehovot, makazi ya Kiyahudi ya Palestina, na Moisés Ville ni shabaha ya kisiasa.

Usiishie hapo, ingawa, maana Argentina ina mtego wake. Ardhi ilikuwa tupu kwa sababu ilikuwa imefanywa tupu. Kati ya 1878 na 1885 jeshi chini ya Julio Roca lilivunja mataifa ya wenyeji wa Pampas na Patagonia, na jimbo la Santa Fe lilikuwa na vita vyake vya mpakani kuelekea Chaco. Myahudi aliyeshuka Weser hakumwua mtu. Alikuta kazi imekwisha kufanywa na dola nyingine. Basi ukiutumia mlinganisho huu kuonyesha "njia safi" ya kuhama, mpinzani mwenye kusoma atakuuliza usafi huo ulilipiwa na nani.

Miwili ya haraka

Algeria hutajwa sana, hasa na waliosoma kwa Kifaransa. Kwa kipindi cha kabla ya 1914 inafaa kidogo kuliko Kenya: ilivamiwa na jeshi mwaka 1830, ikaunganishwa na Ufaransa, na karibu Wafaransa milioni moja wakaondoka mwaka 1962 kwenda nchi waliyokuwa raia wake. Maxime Rodinson, Myahudi wa Ufaransa aliyeandika mwaka 1967 kwamba Israeli ni tunda la ukoloni, hakuishia kuifananisha na Algeria na kufunga daftari. Na Fayez Sayegh, Mpalestina aliyemtangulia kwa miaka miwili, alisisitiza hasa kwamba ukoloni huu ni wa aina yake kwa vile ulitaka kumwondoa mwenyeji badala ya kumtawala. Ukitumia Algeria, jua unaingiza pia hitimisho lake, yaani kwamba walowezi wana kwao pa kurudi.

Wa pili hautajwi kabisa, nao uko palepale Palestina. Watempla, Waprotestanti wa Kijerumani kutoka Württemberg, walianza kukaa Haifa mwaka 1868, kisha Jaffa, na Sarona mwaka 1871. Nao walinunua ardhi, walileta mashine, walilindwa na balozi wao na waliamini Biblia inawahusu. Waligombana na majirani mara kwa mara, kama walivyogombana wakulima wa Petah Tikva na wanakijiji mwaka 1886. Lakini haikuwahi kupelekwa Istanbul malalamiko dhidi yao mfano wa yale ya wakubwa wa Yerusalemu ya Juni 1891, yaliyotaka Wayahudi wazuiwe kuingia na kununua ardhi. Anayedai wenyeji walipinga kila mgeni, na anayedai walipinga shamba tu, wote wawili wana kazi ya kuwaeleza Watempla.

Uchukue upi?

Kama swali lako ni "nani alikuwa nyuma ya walowezi?", chukua Kenya, lakini gawanya muda wako kwenye 1917. Kabla ya hapo itumie kuonyesha tofauti, baada ya hapo ufanano. Ukiitumia bila kugawanya, mpinzani atakuangusha kwa tarehe moja tu.

Kama swali ni ardhi na kazi, chukua Kenya tena, ukiiweka kando ya Rothschild kwanza na kando ya Degania baadaye. Hiki ndicho kipimo kinachotoa mengi zaidi kwa msomaji wa Afrika Mashariki, na hakihitaji kukubaliana kwanza juu ya neno "ukoloni."

Kama unabishana na mtu ambaye hoja yake ni mateso na kurudi kwao, achana na Kenya kabisa. Atakuambia, kwa haki, kwamba Delamere hakukimbia mauaji. Mpe Liberia. Na kama wewe ndiye mwenye hoja hiyo, isome Liberia kabla hajakuletea, ukiandaa jibu lako juu ya umahususi wa Yerusalemu. Hapo ndipo hoja yako ina nguvu, na hapo ndipo al-Khalidi mwenyewe alikuachia nafasi.

Argentina ni ya anayetaka kutenganisha uhamiaji na utawala. Ni nzuri mno kwa darasa, mbaya kwa mdahalo wa dakika tano, kwa sababu hadithi ya Roca lazima isimuliwe na itakula muda wote.

Wapo wasomi wa Israeli, Ran Aharonsohn kwa mfano, wanaosema makazi ya Rothschild yalikuwa ya kilowezi bila kuwa ya kikoloni, kwa vile mtaji uliingia nchini badala ya kutoka. Hoja hiyo ina nguvu dhidi ya anayefikiria Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Haina nguvu sana dhidi ya anayefikiria Uasin Gishu, ambako nako mtaji uliingia, reli ilijengwa kwa hasara na ng'ombe wa Mnandi hawakuwa na mahali pa kulisha. Ukiwa na dakika kumi tu na wasikilizaji wanaojua Eldoret iko wapi, anzia hapo: waulize tume ya 1905 ingeripoti vizuri, na Wayahudi wa Kishinev wangepewa nyanda zile, Koitalel angewaona kama nani?